Patisheni Isiyo na Herufi

Mwimbaji alikutwa chini ya ngazi za nyumba yake, shingo imevunjika, spika za masikioni zimemning'inia kifuani. Waya wa spika hizo ulikuwa umekatika. Inspekta alipanda hadi chumba cha kurekodia, akaikuta plagi na kipande cha waya vingali kwenye kompyuta. Anayeshuka ngazi kwa hiari yake huvua spika kwanza.

Mumewe, mwalimu mkuu wa sekondari, alikuwa na majibu mkononi. Alikuwa akioga, akasikia kishindo, akatoka mbio. Nyimbo za mkewe? Virusi vya kompyuta vilikuwa vimezila zote. Alichotaka ni maiti, azike kesho.

Mama wa marehemu alimshika Inspekta mkono. "Mwanangu akizikwa na uongo huu, na mimi nimekufa."

Inspekta hakuahidi kitu. Mkuu wake alishamwonya kwamba bila ushahidi kufikia asubuhi, jalada lingefungwa kama ajali. Alikwenda moja kwa moja maabara, kompyuta ya marehemu ilikokuwa ikichunguzwa.

"Hakuna kirusi hapa," alisema mtaalamu wa uchunguzi wa kompyuta. "Diski imegawanywa patisheni, yaani sehemu. C ina mfumo wa kawaida. D imefomatiwa, imefutwa yote, baada ya kifo. Nyeupe pee."

"Diski nzima ina ukubwa gani?"

"Gigabaiti elfu moja."

"C na D zikijumlishwa?"

"Mia sita."

"Basi mia nne zimepotelea wapi?"

Mtaalamu alicheka, akasema Inspekta amemwibia swali lake. Alieleza kwamba diski iliyopangwa kizamani kama ile hukubali patisheni nne tu za msingi. Anayetaka zaidi huifanya moja kuwa ya kupanuliwa. Hiyo yenyewe haiwekwi faili. Ni kama ukumbi unaokatwa vyumba, na vyumba hivyo ndivyo patisheni za kimantiki. Mwimbaji alikuwa amejikatia kimoja, akaweka humo mfumo mwingine wa kurekodia. Mfumo wa kawaida hausomi patisheni ya aina hiyo, hivyo hauionyeshi kwa herufi kama C au D. Mwalimu aliiwasha upya kompyuta, akaona C na D, akadhani nyumba ina vyumba viwili. Njia ya mwongo fupi.

"Ifungue," alisema Inspekta.

Asubuhi mwalimu aliketi mbele yake, suti ya mazishi mwilini.

"Ulikuwa wapi mkeo alipoanguka?"

"Bafuni. Nimeshasema."

"Sikiliza."

Sauti ya mwimbaji kutoka kwenye rekodi ilijaa chumba, ikapanda, tamu mno. Mlango ukasikika ukifunguliwa. *Zima hiyo,* alisema mwanamume. *Subiri nimalize mstari,* alijibu mkewe, akaendelea kuimba. Kiti kikaanguka.

Mwalimu alifunika uso.

"Nilimvuta. Tulifika ngazini tukisukumana, nikamsukuma kwa nguvu zangu zote. Shuleni, msikitini, dukani, kote naitwa mume wa mwimbaji. Miaka yote hii nimekuwa kivuli ndani ya nyumba yangu. Nilitaka anyamaze siku moja tu."

Inspekta aliandika maelezo, akamsainisha, akamkabidhi kwa askari wa zamu.

Mama alikuwa akisubiri koridoni. Alielezwa yote, wala hakulia.

"Ule mstari," aliuliza, "aliumaliza?"

"Hapana, mama."

"Basi niwekee wimbo huo," alisema mama. "Nisikie alipofikia."