Ushindi wa Kuachiwa

Redio kaseti ile ilikuwa mbovu kiasi kwamba hata mwizi angeirudisha, lakini mikono miwili iliidaka kwa mpigo. Mmoja ulikuwa na madoa ya rangi nyekundu na buluu hadi kwenye kiwiko. Wa pili ulitoka ndani ya shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, shati la mtu aliyekosea njia, maana pale palikuwa soko la vyuma chakavu na watu walikuwa wakipigana vikumbo kati ya marundo ya majiko, friji zisizo na milango na baiskeli zisizo na magurudumu.

"Kaka, achia. Nimeiona mimi kwanza."

"Wewe umeiona kwanza, mimi nimeishika kwanza. Tugawane, dada. Chukua kifuniko, niachie mota."

"Mota ndiyo ninayoitaka!"

"Ya nini?"

"Haikuhusu." Kisha, kwa kuwa mdomo wake haukuzoea kufungwa, akaongeza, "Ya treni."

Mwenye shati akaangua kicheko. "Kumbe na wewe umo kwenye mashindano! Haya basi, nimekuachia. Nitatafuta nyingine."

Hapo ndipo alipokosea. Dada yule, ovaroli yake imejaa rangi na kitambaa cha njano kimekaa upande kichwani, alimkazia macho. "Mimi siachiwi kitu. Turushe shilingi."

Muuza chakavu aliguna. "Nyie oaneni, mkagombane nyumbani. Mnanizibia wateja."

Shilingi ikarushwa, dada akashindwa. Iliuma, lakini aliiachia redio bila kununa. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema na kujipangusa mikono. Yule kaka akabaki ameikumbatia redio kifuani, na kuanzia dakika ile hakuwa mzima.

Dada alikuwa mchora mabango, mjini wakimwita Brashi. Kaka alikuwa fundi wa feni na pasi, naye wakamwita Feni, ijapokuwa pasi ndizo zilizokuwa nyingi kibandani kwake. Wiki iliyofuata Feni alitokea chini ya ngazi ya Brashi na mota nyingine mkononi.

"Hii sikuachii," alisema, shingo juu. "Hii nakuzawadia."

"Zawadi na kuachiwa vina tofauti gani?"

"Zawadi unaweza kuilipa."

Brashi akacheka hadi ngazi ikatikisika. Akailipa kwa kumchorea kibao cha kibanda chenye feni inayoonekana kama inazunguka, na kazi hiyo ilimchukua jioni nyingi kuliko ilivyostahili. Siku kibao kilipokauka, wote wawili walikuwa wameshaiva kwa mapenzi.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya furaha tu, zawadi ikiwa kikombe cha bati. Kila mtu aliunda treni ya chakavu: makopo ya samaki, vifuniko vya chupa, mota za redio zilizokufa. Cha dukani marufuku, isipokuwa betri ambazo chama cha mashindano kiliwagawia wote kutoka pakiti moja. Treni zilizunguka juu ya reli za waya, zikapanda kilima cha mbao huku zikivuta behewa la mchanga, mbili mbili, hadi ibaki moja. Na kulikuwa na desturi moja waliyoipenda kuliko kikombe: fainali ikiisha, mshindi huifungua injini ya aliyeshindwa mbele ya watu wote, ili kila mtu ajifunze.

Mwenyekiti wa chama, aliyeanzisha haya yote na kutunga sheria zake, alikuwa baba yake Brashi, dereva wa treni mstaafu. Mzee huyu aliwahi kumtoa mpwa wake mwenyewe kwa kosa la kutumia gundi mpya. Treni zilikaa usiku wa kuamkia fainali kwenye kabati la ukumbi, na ufunguo alikaa nao yeye. Nani angemshuku?

Brashi alikuwa ameshindwa fainali tatu mfululizo. Mwaka huu aliingia tena, na safari hii mpinzani wake alikuwa Feni.

"Laazizi," Feni alimwambia kwenye simu usiku wa kuamkia fainali, "nikikuachia kesho utanipa nini?"

"Nitakupa mgongo. Feni, usinitanie na hilo. Nimezaliwa msichana peke yangu kati ya kaka watano. Kila mchezo waliniachia nishinde, halafu wakaenda kucheza mchezo wa kweli nje. Ukiniachia, tusijuane tena."

"Nimesikia, mama. Kesho nitakupiga bila huruma."

"Hapo sasa! Lala salama, mpenzi."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Brashi alivaa gauni la kijani ambalo halikuwa na hata doa moja, jambo lililowashangaza watu kuliko treni yake. Feni alikuwa na shati lake jeupe. Mzee akapuliza filimbi, treni zikaondoka. Mzunguko wa kwanza Feni alitangulia. Wa pili, injini yake ikaanza kukohoa. Kwenye kilima ikapunguza mwendo, ikatetemeka, ikasimama kabisa. Ya Brashi ikaipita taratibu ikivuta mchanga wake hadi mwisho. Watu wakapiga vigelegele. Brashi aliruka, akamkumbatia baba yake, na akashangaa kumkuta mzee ana machozi.

Kisha akashika bisibisi afungue injini ya Feni. Alikuwa anacheka bado. Alipoinua kifuniko, kicheko kikakatika. Kando ya ekseli kulikuwa na kipande cha ngozi, kimekatwa kwa ustadi na kusukumizwa pale ili kiibane. Ilikuwa breki.

Alikiinua juu. Watu wa nyuma wakasimama wakione.

"Umeniachia," alisema.

"Brashi, mimi..." Feni alianza. Macho yake yakatoka kwenye ngozi, yakamwendea mzee, yakakaa pale. Akafunga mdomo.

"Sema basi! Sema si wewe!"

"Sina la kusema."

Brashi akamgeukia baba yake. "Mwenyekiti, sheria inasemaje?"

Mzee alichukua muda mrefu kulipata jibu aliloliandika mwenyewe. "Anayeshindwa makusudi ni sawa na anayeiba ushindi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hatashindana tena hapa."

Feni alifunga kifuniko cha injini, akaikwapua treni yake na kutoka. Nyuma yake watu walizomea, wale wale waliokuwa wakimpelekea pasi zao.

Jioni hiyo simu iliita mara moja tu.

"Brashi, nisikilize."

"Niambie neno moja. Ni wewe au si wewe?"

Brashi alisikia pumzi zake upande wa pili.

"Siwezi kulijibu hilo."

"Basi usinipigie tena." Akakata. Akakaa kitandani na gauni lake la kijani, akisubiri simu iite ili aweze kutoipokea. Haikuita. Hata siku zilizofuata haikuita. Alichora bango la duka la dawa akakosea herufi, akalifuta, akalikosea tena. Alikuwa amemchukia mtu ambaye bado alitaka kumsimulia kila kitu, na hakujua aipeleke wapi hali hiyo. Kikombe cha bati alikisukumia nyuma ya makopo ya rangi asikione.

Asubuhi moja alikuwa jikoni na baba yake, chai imepoa mbele yake bila kuguswa.

"Kula, mwanangu."

"Sina hamu, baba. Unajua kinachoniuma? Si kwamba alinionea huruma. Ni kwamba nilimwambia kila kitu, halafu akafanya kile kile. Wewe tu ndiye hujawahi kuniachia. Hata karata ulikuwa unanifunga nikiwa mdogo nalia."

Mzee aliweka kikombe mezani, akakikosa kisahani. Kwa muda alipapasa kukitafuta kisahani kwa vidole, na hapo ndipo Brashi alipoona kwamba baba yake hakuwa anakiona.

"Macho yanakwenda," mzee alisema. "Daktari ameshanieleza. Mwaka ujao nitasikia treni tu. Nilitaka nikuone unashinda. Mara moja."

"Baba..."

"Kila mwaka ulirudi nyumbani unacheka, unasema mchezo ni mchezo. Kisha nakusikia chumbani kwako. Ukuta huu ni mwembamba, binti yangu." Akavuta pumzi. "Breki naijua kuliko kitu chochote duniani. Ni mimi."

Brashi alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Maneno yalimjaa mdomoni, mabaya yote, na hakuna hata moja lililotoka kwa sababu alikuwa anayaangalia yale macho yanayomtafuta na kumkosa.

"Na alijua?"

"Aliponitazama alijua. Nilisubiri anitaje. Nilimwomba Mungu anitaje. Badala yake nikamhukumu."

Brashi alimpigia Feni simu. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akakimbia hadi kibandani kwa Feni na ovaroli yake, akakuta kibao kimegeuzwa na kuegemezwa ukutani. Mama mshona viatu wa kibanda cha pili alimtazama bila upendo.

"Umechelewa, dada. Aliitwa kiwandani, mji mwingine kabisa. Alikuwa ameikataa kazi hiyo kwa ajili yako. Sasa hivi yuko stendi, na basi halimsubiri mtu."

Mzee alikuwa amemfuata hadi hapo, anahema, mkono ukutani.

"Baba rudi nyumbani, utanichelewesha!"

"Nichelewe nawe. Aliyeharibu ni mimi. Ukienda peke yako utamwambia nini? Kwamba baba yako ameshindwa kuja?"

Kwa hiyo walikwenda, Brashi akimvuta, mzee akijikwaa kwenye kila ukingo wa barabara. Alitamani kumwacha. Alitamani kumbeba. Alilia huku anatembea na watu wakawapisha, wakidhani wana msiba.

Stendi ilikuwa imejaa moshi na kelele. Basi lilishawashwa, konda ananing'inia mlangoni. Dirishani, shati jeupe.

"Feni!" Brashi aligonga kioo kwa viganja. "Feni, najua kila kitu! Shuka!"

Dirisha likafunguka kidogo. Uso wake ulikuwa umekonda. "Unajua nini?"

"Kwamba si wewe. Nisamehe. Kwa nini ulinyamaza? Neno moja tu, Feni!"

"Neno lipi? Nimwite baba yako mwizi mbele ya watu wake? Ulipaswa kuniamini bila hilo neno. Uliponigeukia pale ukumbini hukuniuliza kwanza, ulinihukumu. Rudi nyumbani, Brashi."

"Sirudi."

"Rudi. Nimechoka."

Hapo ikasikika sauti nyuma ya Brashi, sauti ya mtu aliyezoea kuita juu ya mngurumo wa injini.

"Ndugu abiria! Ndugu zangu wote, nisikilizeni!" Mzee alikuwa amepanda juu ya kreti la soda, anayumba, ameligeukia basi ambalo silo. "Kijana aliye ndani ya basi hili alifukuzwa kwenye chama changu kwa udanganyifu. Mdanganyifu ni mimi! Niliibana injini yake kwa mikono hii! Mimi, mwenyekiti, niliyetunga sheria!"

Watu wakageuka. Mwingine akacheka. Konda akauliza kama mzee ana akili timamu.

"Mzee, basi! Inatosha!" Feni alikuwa ameshashuka, anasukuma watu, uso umemwiva kwa aibu ya mtu mwingine. "Shuka hapo utaanguka. Nani amekwambia useme?"

"Niache nimalize."

"Umemaliza, mzee. Shuka, tafadhali." Akamshika kiunoni kumteremsha, na mzee akamng'ang'ania bega, akaanza kulia kama watu wazima wanavyolia, bila kujua afanye nini na uso wake.

"Nililipenda jicho langu kuliko haki yako," mzee alisema. "Nisamehe, baba."

Feni hakumwachia. Brashi alisogea. Aliogopa kumgusa.

"Najua nimechelewa," alisema. "Sikuombi uniachie hili kosa. Nidai. Nidai mpaka uchoke. Ila usiende ukiwa huniamini, maana mimi nakupenda na sijui nitaishi vipi na kibao kile nilichokuchorea."

"Umekikosea," alisema Feni taratibu, macho chini. "Feni yangu ina mapanga manne. Ulichora matatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi."

Akainua uso, na Brashi alipouona alijua kwamba bado ni wake. Wakashikana hapo hapo, ovaroli ya rangi na shati jeupe, na shati halikupona.

Nyuma yao injini ilinguruma. Konda alikuwa amekwisha kuita mara ngapi hakuna aliyejua. Basi likapiga honi, likajipenyeza getini, likaingia barabarani.

"Begi langu!" Feni alipiga kelele akakimbia hatua chache, akasimama katikati ya vumbi. "Kazi yangu! Na treni... jamani, treni yangu imepanda basi!"

Abiria waliobaki stendi wakavunjika mbavu. Brashi alicheka na kulia kwa pamoja hadi akachuchumaa. Feni alirudi anaburuta miguu, mikono mitupu, akasimama mbele ya mzee.

"Sasa mimi nina nini?" aliuliza. "Sina begi, sina kazi, sina treni."

Mzee alinyoosha mkono kumtafuta hewani hadi akampata.

"Una mkwe mwizi," alisema.

Feni akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akauinamia kwa heshima, na wakaanza kutembea kuelekea nyumbani, mzee katikati, yeye na Brashi kila mmoja upande wake wakimwambia mahali pa kukanyaga.