Acha Nafasi Kidogo

Watu wakisimulia mambo ya namna hii husema yalimpata jirani. Mimi jirani yangu ndiye aliyeyaanzisha, na aliyepatwa ni binti yangu Chinatsu, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Hapa Yamagata majani yakishageuka rangi, hakuna anayekaa ndani. Walio bondeni wanapika mchuzi wa magimbi kando ya mto, na wenye kamera wanapanda mlimani mapema kugombea mahali pa kusimamisha stendi zao. Tuliondoka watatu: mimi, Chinatsu aliyekuwa akiendesha, na jirani yangu Kinue. Tangu tuzae, yeye ananiita Mama Chinatsu, nami namwita Mama Shugo.

Shugo alikuwa mwanawe wa pekee, na mpiga picha. Aliteleza kwenye jabali huko huko mlimani akitafuta picha ya majani, akafa hajaoa. Yeye na Chinatsu walikua pamoja, na wengi tulidhani wataoana, lakini haikuwa riziki. Sasa Chinatsu alikuwa ameposwa na Ryohei, kijana wa Sendai, na harusi ilisubiri majira ya maua. Kinue alikuja kuomba jambo moja tu: kabla binti hajaenda kwa watu, ampige picha kwa kamera ya marehemu, kwenye daraja la mbao ambalo marehemu alilipenda. Nani angemnyima mama aliyefiwa?

Wekundu ulilizunguka lile daraja pande zote, hata maji chini yake yalionekana mekundu. Nyuma yetu wapiga picha wengine walinung'unika kwamba tunawachelewesha. Kinue hakuwajali. Alichungulia kwenye kamera muda mrefu.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema. "Bado. Acha nafasi kidogo hapo kando yako."

"Nafasi ya nani tena, Mama Shugo?" Chinatsu alicheka. "Ya majani, au unaniwekea mchumba?"

Kinue alibonyeza kamera. Baadaye tulikula matonge yetu ya wali, nami nikamtania kwamba kwa miaka yote ya kuishi na mpiga picha hakujifunza kitu, maana amepiga nusu binti yangu na nusu hewa. Aliinamisha uso akatafuna polepole.

Wakati wa kurudi nilitaka kukaa mbele, kwa sababu kona za mlima hunitia kichefuchefu. Kinue alikuwa ameshakaa nyuma. Nilipoushika mlango wa mbele, Chinatsu akasema kwa upole, "Hapo pana mtu, Mama."

Kiti kilikuwa kitupu.

Nilimuuliza pana nani. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, akasema hajui kwa nini amesema vile. Nikaenda kukaa nyuma.

Majani yalipukutika, theluji ikaanguka, na binti yangu akaanza kupungua. Alisema anasikia baridi miguuni, hata akiwa kando ya jiko. Madaktari walimpima wasione kitu. Ryohei alikuja kila mwisho wa wiki, na Chinatsu alimwandalia chai na kumshukuru kwa kuja, kwa adabu ile anayopewa mgeni. Kijana wa watu alikuwa akitoka pale amejikaza asilie. Tena kila nilipofagia chumba cha binti yangu niliokota jani jekundu. Miti ilikuwa mitupu mlima mzima. Jani lilikuwa bichi.

Siku moja, nikimsuka nywele, akaniambia kwamba kila akilala anaota yuko darajani.

"Siko peke yangu," akanong'ona. "Shugo yupo. Amevaa vazi jeusi la harusi. Anasubiri nimalize kuaga."

Nikakiweka kitana chini.

Kwetu, kijana akifa bila kuoa, wazazi humwozesha kwa picha na kuitundika hekaluni, ili asizurure peke yake huko aliko. Zamani picha hizo zilichorwa, siku hizi huunganishwa kwa kompyuta. Sharti lake linajulikana hata na watoto: bibi harusi awe wa kubuni. Ukimweka mtu aliye hai, bwana harusi atakuja kumchukua mkewe.

Nilikwenda hekaluni mchana ule ule. Picha zimejaa ukuta mzima, mabwana harusi waliokufa wakiwa vijana, nami nikazipita moja moja nikiomba nisione nilichokuja kukitafuta. Kisha nikaona daraja. Wekundu pande zote. Shugo kavaa nyeusi, kasimama mahali palipokuwa hewa. Kando yake alikuwa binti yangu, akicheka.

Nilirudi na Kinue nimemshika mkono kama mwizi. Mbele ya picha alipiga magoti.

"Jina ni la kubuni," akanong'ona. "Jina la Chinatsu sikuliandika. Nilidhani jina ndilo linaloita."

"Na uso?"

"Mwanzo nilimwekea uso wa kubuni. Shugo akanijia ndotoni, ananiuliza huyu mgeni ni nani." Alikuwa analia. "Mwanangu alikuwa anasikia baridi, Mama Chinatsu."

"Na wangu je?"

Mtawa wa hekalu aliiteremsha picha, akaisomea sala, tukaichoma uani juu ya theluji. Alisema wazi kwamba yeye anaweza kuichoma karatasi tu. Ridhaa ya bwana harusi haikuwa mikononi mwake.

Nilikimbia nyumbani.

Nyumba ilikuwa kimya. Nikaita. Nikaita tena. Nikasukuma mlango wa chumba chake.

Alikuwa amelala ukingoni mwa godoro, nywele amezichana, uso umetulia. Alikuwa ameacha nafasi. Kwenye nafasi ile ulikuwepo mto wa pili. Ulikuwa umebonyea.

Tangu mazishi sikumsemesha Kinue. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na bado kila usiku nilijiuliza kama mimi mahali pake ningefanya tofauti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Majani yalipogeuka tena, alikuja akapiga magoti kizingitini, ameshika kifurushi cha matonge ya wali.

"Mkwe wangu," akasema. "Twende tukawaone."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nilivaa viatu.

Tangu hapo sisi huenda kila mwaka, vibibi viwili na chupa ya chai. Majani huwa yamelifunika daraja lote, mekundu, tena mazito, isipokuwa sehemu mbili katikati, moja kando ya nyingine, kila moja yatosha miguu ya mtu mmoja. Hapo mbao ni safi na kavu, hata mvua ikinyesha. Upepo ukileta jani huligeuzia pembeni.

Wageni wenye kamera hawajui. Huja wakicheka, wakataka kusimama pale pale katikati. Kinue hunitazama, nami ndiye ninayewaendea.

"Sogeeni, wanangu," nawaambia. "Acheni nafasi kidogo."