Mfuko Mweusi wa Mama Ndunge

Kila Jumamosi asubuhi, Ndunge alifagia uwanja wa nyumba yao huko Kathiani huku mama yake, Kavutha, akifunga brashi na ndoo kwenye ngazi. Kavutha alikuwa fundi wa kusafisha matangi ya maji ya mvua. Zamani hakuchagua kazi. Huyu alitaka tangi lisuuzwe tu, yule alitaka mifereji ya paa itolewe majani, na mwingine hakuona haya kumwomba amfulie zulia papo hapo. Lakini tangu Krismasi alifanya kazi ya namna moja, tangi na mifereji ya paa pamoja, ileile kwa kila mtu. Asiyeitaka alimwambia kwa upole atafute fundi mwingine.

Ndunge hakuielewa tabia hiyo mpya. Tena kulikuwa na ule mfuko mweusi ambao mama aliutundika juu kabisa ukutani na hakutaka uguswe.

"Baba alitaka tangi letu lisuuzwe tu, mama yako akakataa," rafiki yake Lavender alimwambia shuleni. "Kwani ni lazima afanye yote? Baba anasema kuna kitu anatia humo, maji yaharibike ndio aitwe tena."

Ndunge alikasirika, lakini maneno yale hayakumtoka kichwani. Jioni hiyo mama alipokwenda dukani, alipanda kiti akaufungua mfuko. Alikuta wavu wa waya, kijiko, na mkebe usio na maandishi wenye unga mweupe ulionuka vikali. Akaurudisha mfuko upesi. Kesho yake alimnong'oneza Lavender, akamwapisha asimwambie mtu.

Kumwapisha Lavender ilikuwa kazi bure. Jumapili baada ya ibada, kina mama walinyamaza ghafla Kavutha alipowakaribia. Jioni babake Lavender, Bwana Kimanzi, alipiga simu.

"Mama Ndunge, kuja Jumamosi ufanye hiyo kazi yako yote. Mimi nitakuwa hapo naangalia."

Ndunge aliogopa. Mambo yakiharibika siku hiyo, hakuna mtu Kathiani angemwita mama yake tena, na yeye ndiye aliyeyachochea.

Jumamosi hiyo alikwenda na mama yake. Majirani walikuwa wamesimama kando ya ua wakijifanya wanapita njia. Kavutha alimwaga maji machache yaliyobaki, akaingia ndani ya tangi, akasugua mpaka jasho likamlowesha. Kisha akapanda ngazi, na kutoka kwenye mfereji wa paa akashusha kiota kilichooza chenye njiwa aliyekufa.

"Ningesuuza tangi tu, huyu angebaki huku juu," alisema. "Mvua ikinyesha mngemnywa."

Akafunga wavu kwenye mdomo wa tangi. Lori la maji aliloliagiza Bwana Kimanzi lilipolijaza, akautoa ule mkebe kwenye mfuko mweusi mbele ya macho ya wote.

"Hii ni dawa ya kutibu maji. Karatasi yake ilibanduka. Naiweka mbali kwa sababu inachoma macho, na niko na mtoto nyumbani."

Akaipima kwa kijiko, wakasubiri, akachota kikombe. Akanywa nusu, akampa Bwana Kimanzi. Bwana Kimanzi alikitazama tu. Hakunyoosha mkono.

Ndunge hakuweza kuvumilia tena. Alikichukua kikombe, akanywa maji yote.

"Mwaitu, ni mimi nilifungua mfuko," alimwambia mama yake akilia. "Ni mimi nilimwambia Lavender."

Kisha Bwana Kimanzi akachota maji yake mwenyewe, akanywa taratibu.

"Nisamehe, Mama Ndunge. Mbona hukunieleza mapema?"

"Ulitaka kusuuziwa, Baba Lavender. Hukutaka kuelezwa."

Majirani walicheka kidogo. Kavutha akamgeukia binti yake.

"Nilipofuata kila mtu anavyotaka, niliacha kazi nusu, halafu maji yakinuka, lawama ilikuwa yangu. Sasa nafanya kazi moja, naifanya yote, na naijua vizuri. Na wewe ukiwa na shaka, usiipeleke shuleni. Muulize mwenye jambo."

Ndunge aliitikia kwa kichwa. Mama akamtwika ule mfuko mweusi begani.

"Beba. Tukifika nyumbani nitakuonyesha kila kilichomo."