Jakuzi Nyuma ya Jiko

Sakafu ya kona ile ilikuwa na joto, na jua halijawahi kuifikia.

Binti akajipangusa kiganja. Kaka yake humwita Injinia kwa kejeli, maana digrii anayo, kazi hana, na CV zake zinamezwa tu kama mawe kisimani. Leo angalau kaajiriwa na mama: achague mahali pa jakuzi, maji ya moto yamwamshe baba miguu iliyopooza. Sebuleni vigae visingebeba uzito. Mbele, majirani wangemchungulia mzee wa watu. Nyuma ya jiko palikuwa tambarare, ukuta unasitiri, maji yana pa kwenda. Perfect. Na joto? Bomba limepita chini, akajiambia, ingawa alijua fika hakuna bomba.

"Hapo pana mwenyewe," baba alisema taratibu kwenye kiti chake cha magurudumu. "Tafuta pengine, mwanangu."

Binti akamjibu kwamba joto lile ni fizikia tu. Elimu lazima itumike mahali.

Jakuzi likafungwa pale pale. Alasiri wakamshusha baba ndani, na kabla Injinia hajagusa swichi maji yakaanza kufukuta, yakinuka nywele zinazoungua, na chini ya povu zikasikika pumzi za mtu wa pili, mama akadhani ni mashine, na baba akamshika Injinia mkono akinong'ona, "Nitoe," naye akavuta kwa nguvu zote alizojaliwa, lakini kitu kule chini nacho kilivuta, bila haraka, kama mwenye nyumba anayefunga mlango wake, mpaka vidole vya baba vikalegea vyenyewe.

Kisha baba akasimama.

Akatoka, akatembea. Miguu ilikuwa ya baba. Macho yalimpita Injinia kama yanayopita kiti.

Kaka alilia kwa furaha, akamwomba dada yake radhi kwa kejeli zote. Injinia mwenye digrii akajificha stoo, akampigia simu mganga.

Mganga alikuja, akachungulia kupitia geti, hakuingia.

"Huyu naweza kumtoa, mama," alinong'ona. "Mwenye mwili akirudi, atarudi na kiti chake. Na asiporudi, sina la kufanya."

Injinia akamgeukia mama. Ndipo alipoona kuwa mama anajua yule si baba, na alijua tangu alasiri.

"Nimemwogesha mume wangu miaka yote hii," mama alimwambia mganga. "Nimechoka. Nenda salama, baba."

Akafunga geti, akajifuta uso kwa kanga, akaingia ndani kumtengea chai yule aliyekuwa anatembea.