Gia Boksi ya Marehemu Jawad

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati ya Temeke, Adelard alipoiona nyumba ya Bi Badriya. Kabla mwenye nyumba hajatoka kumkaribisha, harufu ilimkaribisha.

Hakuwa mtu wa kutishwa na harufu. Alikuwa bwana afya mstaafu. Miaka yake ya utumishi ilikwisha machinjioni na kwenye vyoo vya stendi, akigonga mihuri kwenye mapaja ya ng'ombe na kuandika ripoti ambazo wakubwa walizipokea kwa shukrani na kuzifungia kabatini, na vyoo vikabaki vilevile. Pua yake ilikuwa na elimu kuliko baadhi ya waliomsimamia. Jioni ile ilimwambia: shahamu. Mafuta ya mnyama yaliyosahauliwa juani, yakageuka.

Naye alikuwa amefuata gia boksi tu.

Baba yake, mzee Edgar, alikuwa na Pijo 504 la usukani wa kushoto, alilolinunua enzi zake za ushirika huko Bukoba. Aliliendesha mwenyewe hadi Dar, akastaafu nalo, akazeeka nalo uani kwa mwanawe, Bunju. Sasa madaktari walikuwa wameanza kuongea na Adelard kwenye korido badala ya kuongea na mzee kitandani. Mzee hakuhitaji tafsiri. Aliomba jambo moja.

"Nirudishe nyumbani na gari langu. Nifike nimekaa, nisifike nimelazwa."

Tatizo ni kwamba injini ya Pijo ilikuwa imekufa kabla yake. Adelard akanunua injini ya pikapu ya Kijapani, iliyotumika lakini nzima. Akanunua injini peke yake. Kwenye kadi ya gari wanauliza namba ya injini, namba ya chesisi, rangi, hata idadi ya viti. Gia boksi hawaiulizi. Na Adelard, mtumishi wa serikali hadi kwenye uboho, aliamini kwamba kitu ambacho fomu haikiulizi hakina maana.

Fundi wake, Marselino wa Mwananyamala, alishika kiuno.

"Mzee, injini haiji peke yake. Inakuja na gia boksi yake. Hii ya Mfaransa na hiyo ya Mjapani hawaelewani."

Hawakuelewana kweli. Matundu ya boliti hayakulingana. Shafti ya gia boksi ya zamani ilikataa kuingia kwenye klachi ya injini mpya. Marselino akachonga bamba la chuma la kuwasuluhisha, akawasha, na Pijo likatetemeka kama lina homa, kisha bamba likapasuka.

"Katafute mwenzake," alisema. "Injini hii imetolewa wapi?"

Ikaonekana imetolewa Temeke, kwa mjane wa Jawad, muuza vipuri wa siku nyingi. Ndiyo sababu Adelard alikuwa amesimama pale, kitambaa puani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Injini ya mume wangu nyie ndio mmeichukua?"

"Ndiyo, bibi."

"Alhamdulillahi. Basi na hii nendeni nayo. Imeililia vya kutosha."

Alimpeleka stoo ya nyuma. Gia boksi ilikuwa sakafuni, ndani ya gunia. Inzi walikuwa wameifunika, ingawa giza lilikuwa linaingia na inzi wenye adabu zao walishakwenda kulala. Bi Badriya hakuigusa. Alilisogeza gunia kwa mpini wa fagio. Chuma kilikuwa kimetoa jasho zito, la rangi ya usaha.

"Inavuja," alisema Adelard.

"Haivuji." Akashusha sauti. "Watu wanachinjiaga gari jipya, si ndiyo? Kuku, mbuzi, damu kwenye matairi, watu wanakula pilau, yamekwisha. Marehemu kuna mtu akamnong'oneza sikioni. Akamwambia asimwage chini. Afungue hapa ubavuni, atie humu ndani. Biashara haitalala. Na kweli haikulala."

"Atie nini?"

"Mie sikuuliza, baba. Mie nilikuwa nafua nguo zake."

Adelard alimeza mate. Yalikuwa na ladha ya ile harufu.

"Siuzi, chukua tu. Ila oili yake usiimwage. Ina vyake vya zamani, inavicheua, inatulia. Ukiimwaga itakuwa tupu. Na ikiwa tupu…"

Adhana ya magharibi ikaanza. Bi Badriya akajifunika ushungi, akaenda kutawadha.

Ndani ya gunia, kitu kikaingia mahali pake.

Klak.

Kama mtu aliyetia gia ya kwanza.

*

Marselino alifurahi kama aliyeletewa mkwe. Matundu yalilingana, boliti kwa boliti. Shafti iliingia kwenye klachi bila nyundo, bila hata tusi moja. Fundi yule hakuwahi kufunga kitu bila tusi.

"Hawa walikuwa wanatafutana," alisema. Kisha akanusa vidole vyake na furaha ikapungua. "Oili vipi? Bibi si alisema ibaki?"

Adelard aliitazama gia boksi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema mwaga. Maziwa yaliyoganda, mwaga. Supu ya juzi, mwaga. Kuna mama ntilie Sinza ambao wakimwona tu kwa mbali walikuwa wanamwaga wenyewe. Leo aweke uozo chini ya kiti cha baba yake kwa sababu ya maneno ya mjane?

"Mwaga."

Marselino alitega beseni, akafungua nati ya chini. Hakikutoka kitu. Akaingiza waya, akachokoa.

Kikatoka.

Hakikutiririka. Kilijisukuma nje, kinene, cha kijivu, cha uvuguvugu, ingawa chuma chenyewe kilikuwa baridi. Kilikuwa na manyoya. Kilikuwa na vipande vya ngozi vyenye vinyweleo, na vitu vyembamba vilivyopinda, vya manjano, ambavyo Adelard alijiambia ni makucha ya kuku. Alijua makucha ya kuku yanavyofanana. Hayafanani hivyo.

Marselino alikwenda nyuma ya choo. Sauti zake zilisikika. Kunguru wa Mwananyamala, ambao hula hata pampasi, walitua ukutani, wakaangalia lile beseni, wakaondoka.

Walichimba shimo, wakafukia. Wakatia oili mpya, safi kama asali. Pijo likawaka, gia zikaingia laini mno. Wiki hiyo mkaguzi alikuja, akapangusa namba ya injini kwa kidole gumba, akailinganisha na karatasi, akaridhika. Alijaza kila mahali palipohitaji kujazwa.

*

Siku ya kujaribu gari, jioni, mzee Edgar alivaa koti lake la suti. Wakashika barabara ya Bagamoyo. Mti wa gia sasa ulitokea sakafuni, kati ya viti, na mzee akauwekea mkono.

"Wewe kanyaga klachi," alisema. "Gia niachie mimi."

Ulikuwa mchezo wao wa zamani, ila wakati huo mzee ndiye aliyekanyaga na Adelard, akiwa na magoti yenye vidonda, ndiye aliyetia gia. Mzee alicheka njia nzima. Adelard hakukumbuka lini alimsikia akicheka hivyo. Akajisemea kwamba amefanya vizuri.

Waliporudi, mzee aliomba maji ya kunawa.

"Mkono unateleza," alisema.

Adelard alileta beseni, akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa kibarazani.

Kucha hazikuwepo.

Hakukuwa na damu. Wala mzee hakusikia maumivu. Zilikuwa zimetoka tu, na ncha za vidole zilikuwa nyeupe, laini, kama ngozi ya kuku aliyechovywa maji ya moto. Kwenye kiganja kulikuwa na utelezi wa kijivu. Sabuni haikuutoa, iliusambaza.

Alimpeleka ndani. Akarudi, akaingia chini ya gari, akafungua nati ya ubavuni, akatia kidole.

Oili ilikuwa na joto. Haikuwa asali tena. Kidole kilitoka na unywele mweupe, mfupi. Akaunusa, maana ndiyo kazi aliyoijua.

Mafuta ya karafuu. Yale ambayo baba yake hujichulia viungo kila usiku.

Alimpigia Bi Badriya, mkono wake wa pili ukiwa mbali na mwili wake kama si wake.

"Bibi… niliimwaga."

"Basi itakula inachoshikishwa," sauti ikasema.

"Nikiipa kuku?"

"Kuku iliwachoka zamani, baba."

"Marehemu… alikufaje?"

"Alikufa vizuri. Ila waliomuosha hawakula siku ile." Akakata.

Usiku mzima Adelard alipanga. Kulipokucha akamwambia baba yake kwamba watapanda ndege. Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama karani mpya.

"Nilitoka na gari. Nitarudi na gari."

"Baba, lile gari lina ugonjwa."

"Na mimi je?"

Ikafika magharibi. Mke wa Adelard, Demetria, alikuwa jikoni, na ndiye aliyesikia kwanza.

"Baba Clara… nani yuko kwenye gari?"

Klak.

Adelard alitoka uani. Injini ilikuwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Mzee Edgar alikuwa amekaa kiti cha abiria, suti yake mwilini, begi lake miguuni. Mkono wake ulikuwa kwenye mti wa gia. Moja… mbili… tatu… Mkono ulikwenda na kurudi. Ila bega halikusogea. Kilichosogea kilikuwa ule mti, na mkono ukafuata.

"Unaona?" mzee alinong'ona. Macho yalikuwa yanang'aa kama ya mtoto. "Inajua njia."

Adelard akashika kidole cha kwanza cha baba yake, akakibandua. Kilitoka kwa mlio, kama mguu unaotoka kwenye tope. Akabandua cha pili. Ngozi kidogo ilibaki kwenye chuma, na chuma… kikaimeza. Polepole. Bila aibu.

Angeweza kumbeba mzee ndani, akalifunga geti, akaliita hilo gari chuma chakavu. Mzee angelala kitandani, na siku moja si mbali angefika Bukoba kwenye sanduku. Aliuangalia uso wa baba yake.

Akazunguka, akakaa nyuma ya usukani. Akavuta droo ya dashibodi, akatoa glavu ndefu za mpira, zile za machinjioni, akavaa moja mkono wa kuume. Akauweka kwenye mti wa gia.

Ulikuwa na joto. Ukajipinda kidogo ndani ya kiganja chake, wenye unyevu, kama ulimi wa ng'ombe unaotafuta chumvi.

Hakuuondoa mkono.

"Weka mikono mapajani, baba," alisema. "Leo natia mimi."

*

Walifika. Njiani askari mmoja wa usalama barabarani aliwasimamisha, akaomba leseni, akaomba kadi, akafungua boneti na kusoma namba ya injini hadi mwisho.

"Kila kitu kiko sawa, mzee. Mbona glavu?"

"Nilikuwa bwana afya."

Askari akapiga saluti, kisha akarudi nyuma, akikunja pua.

Mzee Edgar aliingia kijijini kwao amekaa, kioo kimeshushwa, akipungia watu kama diwani. Wakamshusha, wakamkalisha barazani, wakamletea kahawa. Adelard alisalimia ndugu kwa mkono wa kushoto, na shangazi zake wakatazamana. Mjini kunaharibu watu.

Jua lilipokuwa linazama alirudi kwenye gari peke yake, akafunga mlango, akaivua ile glavu. Ilikuwa nzito. Kitu kilicheza ndani yake, kama uji kwenye mfuko. Hakutazama ndani. Pua ilishamwambia. Aliangalia tu mkono wake wa kuume, mara moja, chini ya taa ndogo ya dari, kisha akauzungushia leso, haraka.

Barazani baba yake aliita, sauti imejaa, sauti ya miaka ile ya ushirika.

"Mwanangu! Kesho unipeleke kanisani. Halafu tukawaone ndugu wa ng'ambo."

"Sawa, baba."

Alitaka kufungua mlango atoke. Akatuma mkono wa kushoto kwenye kitasa. Haukwenda.

Akashusha macho. Mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, ulikuwa tayari umeshika mti wa gia, na hakukumbuka kuuweka pale.

Klak.