Hodi Kwenye Nyumba Tupu

Stendi ya Nangurukuru ilikuwa imechangamka. Mabasi ya kusini yamesimama, wauza korosho wamejazana madirishani, na spika ya kibanda cha chipsi inaunguruma muziki. Jonas, fundi pikipiki, aliimba kuufuatisha wimbo kwa sauti mbovu isiyo na aibu.

"Unaharibu wimbo wa watu, kaka," alisema abiria mmoja, dada mrefu mwenye gauni la kitenge cha njano na gitaa mgongoni.

"Kwani wako?"

"Nimeutunga mimi. Na gitaa unalolisikia ni vidole hivi."

Jonas akacheka mpaka akashika tumbo. Dada akatoa gitaa, akapiga sambamba na spika, hakukosea hata kidogo. Jonas akaacha kucheka. Kumbe nyimbo wanazochezea maharusi mpaka Kilwa Masoko zilitungwa na Romana huyu, binti wa kijiji cha Nyangamara! Waimbaji wa Dar walipata majina. Yeye alibaki studio.

Wakapeana namba, na kila jioni wakapigiana simu mpaka wakapendana.

"Umekula, malkia wa gitaa?"

"Nimekula, fundi wangu. Umenawa hiyo oili?"

Siku moja Jonas alimwambia asilowahi kumwambia mtu: tangu mama yake afariki, akirudi nyumbani hupiga hodi ingawa ndani hamna mtu, akasimama kidogo, ndipo akaingia.

Masika yalipokwisha, redio ikapiga wimbo mpya: *Napiga hodi kwangu, simsikii wa kunikaribisha.* Spana ikamdondoka Jonas. Akapiga simu.

"Umeniuza, Romana."

"Mpenzi, nisikilize..."

Akakata. Tangu hapo hakupokea simu yake. Romana, anayewatungia watu wote maneno, akakosa ya kwake mwenyewe, roho ikamuuma kwelikweli. Akapanda basi la Nangurukuru.

Alimkuta gereji, palepale stendi, amenuna.

"Ungeniuliza."

"Ungekataa. Nilijua, ndiyo maana sikuuliza. Nimekosa, Jonas. Nisamehe."

Kabla hajajibu, wimbo ule ukaanza kibandani. Mpagazi mwenye kifua kama mlango akatua gunia, akaimba amefumba macho. Mama mmoja akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Abiria wakadaka kiitikio, basi zima, na hakuna aliyecheka. Romana hakuwahi kusimama katikati ya wasikilizaji wake mpaka siku hiyo.

"Wote hawa?" Jonas alinong'ona. "Mimi nilidhani niko peke yangu duniani."

Hasira ikamwisha, akabaki anamtazama Romana kwa mshangao.

"Nimekusamehe. Ila nina maneno mengine, na haya ni yetu wawili. Hayaendi studio."

"Naapa."

Akamwinamia sikioni. "Nataka nikuoe, Romana. Nyumba ile imenichosha kwa ukimya wake."

Romana akalia, akacheka, akasema ndiyo mara tatu. Kisha vidole vyake vikaanza kugonga taratibu kwenye mkanda wa begi, vinatafuta mdundo.

"Romana!"

"Basi, basi, naacha!"

Jonas akavishika vidole vile kwa mikono yake yenye oili, asiviachie.