Taa Zilizojifunza Kuona

Sekela aliishi na Mama na Bibi ghorofani, juu ya njia panda kubwa.

Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, upande wa pili wa mji. Aliondoka Sekela akiwa amelala. Alirudi Sekela akiwa amelala.

Kila jioni Sekela alisimama dirishani. Magari yalijaa mpaka kuleee!

Pii! Pii! Foleni haisogei.
Mama, uko wapi?

"Bibi, Mama ananikumbuka?"

"Sana, mjukuu wangu. Akirudi anakubusu shavuni."

"Lakini mimi simwoni," alisema Sekela.

Jioni moja Sekela alizitazama taa za barabarani.

Barabara ya sokoni ilikuwa tupu. Hata baiskeli haikuwepo. Taa yake ikawaka kijani.

Barabara ya Mama, ile ya kutoka kiwandani, ilijaa magari. Taa yake ilikuwa nyekundu. Nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Pii! Pii! Foleni haisogei.
Mama, uko wapi?

Asubuhi, fundi alipanda ngazi kwenye nguzo ya taa. Ko! Ko! Ko! Sekela na Bibi walikuwa wanapita kwenda dukani.

"Shikamoo, dada fundi!"

"Marahaba, mdogo wangu."

"Taa yako inaruhusu barabara tupu. Mama yangu inamzuia."

Fundi akashuka. "Umeona vizuri," alisema. "Taa hizi hazioni magari. Zinafuata saa tu. Leo naziwekea kamera, zione wapi kumejaa. Huko ndiko zitakakoruhusu kwanza."

"Zitamwona Mama?"

"Zitaliona basi lake."

Jioni, Sekela akasimama dirishani. Barabara ya sokoni ilikuwa tupu.

Barabara ya Mama ikapata kijani! Vuu! Vuu! Vuu! Magari yakapita.

Nyekundu kidogo. Sekela akabana pumzi.

Kijani tena! Vuu! Vuu! Vuu!

Basi moja likapita. Basi la pili likapita. Mama hakutokea.

"Labda hazikumwona," alisema Sekela. Machozi yakamlengalenga.

Ta, ta, ta. Nani huyo kwenye ngazi?

Mlango ukafunguka.

"Mama!"

"Sekela! Bado hujalala?"

Mama alidondosha mkoba, akamkumbatia. Alinukia sabuni. Sekela hakutaka kumwachia.

Walikula wali pamoja. Kisha wakalala kitanda kimoja, na Sekela akaanza kusimulia. Jino linalotikisika. Mwalimu mpya. Paka wa jirani aliyezaa watoto watatu.

"Kumbe!" alisema Mama. "Enhe, halafu?"

"Halafu, Mama, yule mdogo kabisa ana… ana…"

Usingizi ukamchukua Sekela, kichwa chake kwenye mkono wa Mama.